Tabasamu ni Sadaka: Hukumu ya Kutengeneza Meno

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akavilinganisha viungo vyake, akamjaalia macho mawili ya kuonea, ulimi wa kusemea na midomo miwili ya kuusitiri ulimi huo. Twamhimidi, twamwomba msaada, na twamwomba msamaha. Twashuhudia kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na twashuhudia kwamba bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, sahaba zake, na kila aliyefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwenu, naiusia nafsi yangu, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu katika yaliyo wazi na yaliyofichika.

Khutba ya leo yahusu jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo mno kusemewa juu ya mimbari. Ni jambo la meno. Lakini dini yetu haikuliacha jino bila ya hukumu. Wiki chache zilizopita walinijia watu wawili, kila mmoja na swali la meno yake, na kila mmoja nilimpa jibu lililo mbali na la mwenziwe. Nataka kukuelezeni maswali hayo mawili, na sababu ya majibu yake kutofautiana, kwani naamini wako wengi wenye maswali kama hayo nao wanaona haya kuyauliza.

Wa kwanza alikuwa binti, aliyekuja na mama yake baada ya swala ya alasiri. Aliniamkia, "Shikamoo, Maalim," na papo hapo akauvuta mtandio wake ukamfunika mdomo. Nilidhani ni haya ya kawaida ya mtoto wa kike mbele ya mzee. Kumbe sivyo. Mama yake akaniambia, "Maalim, mwanangu huyu hajacheka mbele ya watu tangu alipokuwa darasa la tano."

Binti huyo alizaliwa na kulelewa katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, na meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Amesomea ualimu. Alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mtoto mmoja alimwuliza, mbele ya darasa zima, kwa nini mwalimu hapigi mswaki. Tangu siku ile, akifundisha huinamisha uso, na akiandika ubaoni hukawia kugeuka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Je, Maalim, nikimwendea daktari akayafunika meno haya kwa vigamba vya kauri, nitakuwa nimebadili umbile la Mwenyezi Mungu?"

Wa pili alikuwa kijana mwanamume, mfanyabiashara. Meno yake ni mazima na yamepangika, ila jino moja limepanda kidogo tu juu ya jirani yake. Akanionyesha katika simu yake picha ya mtu mashuhuri mwenye meno meupe kama karatasi, yote sawasawa kama vigae vya ukutani. Akasema ameweka akiba, na kilichopungua atakopa kwa riba. Ataka meno yake kumi na sita yafunikwe kauri, yawe kama ya yule. Akamalizia kwa kuniuliza, "Sheikh, si tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu apenda uzuri?"

Ndugu zangu katika imani, wanavyuoni wetu wana kanuni isemayo kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi tukijue kwanza.

Kigamba hiki, ambacho madaktari hukiita veniya, ni ganda jembamba la kauri lifananalo na ukucha, unene wake aghalabu ni chini ya milimita moja, nalo hugandishwa juu ya uso wa mbele wa jino. Asili yake ni michezo ya kuigiza. Katika miaka ya 1920 na 1930, daktari wa meno aitwaye Charles Pincus, huko California nchini Marekani, aliwatengenezea waigizaji wa sinema maganda ya kuvaa wakati wa kupigwa picha, kisha wakayavua. Hakukuwa na gundi ya kuyashika daima. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba jino likipakwa asidi kwa muda mfupi, uso wake hukwaruzika na kuweza kushikana barabara na dawa ya kuzibia. Ikafika miaka ya 1980 ndipo kauri ilipoweza kugandishwa juu ya jino ikakaa. Hivyo kitu kilichoanza kuwa kinyago cha mwigizaji kikawa pia dawa ya mgonjwa. Kumbukeni sura hizo mbili, kinyago na dawa, kwani khutba yetu yote imesimama baina yao.

Sasa lijueni na jino. Mwenyezi Mungu amelivika jino vazi gumu liitwalo enameli. Hakuna kitu kigumu zaidi ya hicho katika mwili wa mwanadamu. Lakini vazi hilo halina uhai wa kujishona upya. Mfupa ukivunjika huunga. Ngozi ikikatwa hufunga. Enameli ikikwanguliwa hairudi, kwa sababu chembe zilizoifuma hutoweka jino linapochomoza. Na ili kigamba kikae vizuri, mara nyingi daktari hulikwangua jino kiasi cha nusu milimita au karibu yake. Mara nyingine hukwangua kidogo zaidi, au asikwangue kabisa. Lakini likishakwanguliwa, jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yote. Na kauri haidumu milele. Mara nyingi hukaa miaka kumi hadi kumi na mitano, wakati mwingine zaidi. Kisha huweza kuatuka au kubanduka, na kazi huanza upya kwa gharama mpya. Kijana wa miaka ishirini na mitano anayeanza leo, Mwenyezi Mungu akimpa umri, atarudi kwenye kiti cha daktari mara kadha wa kadha.

Zaidi ya hayo, wako wauzao kitu kwa jina la kingine. Katika miaka ya karibuni vijana wengi wa Uingereza wamesafiri hadi Uturuki kutafuta meno meupe kwa bei nafuu, na baadhi yao waliodhani watawekewa vigamba walichongwa meno pande zote yakabaki kama vigingi, ili yavikwe kofia nzima. Meno yaliyokuwa mazima! Ndipo wahenga wetu waliposema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Baada ya kukijua kitu, na tuitazame sheria.

Imepokewa katika Sahihi mbili, za Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba wamelaaniwa wanawake wachanjao ngozi na wanaochanjwa, wanaonyoa nyusi, na wale watengao meno yao kwa ajili ya uzuri, wakibadili umbile la Mwenyezi Mungu. Mwanamke mmoja wa kabila la Bani Asad, msomaji wa Qur-ani, alimwendea Ibn Mas'ud kumhoji. Akamjibu kwamba amelaani aliowalaani Mtume, na kwamba Qur-ani imetuamuru kuyashika aliyotuletea Mtume na kuyaacha aliyotukataza. Yule mwanamke akasema kwamba anadhani baadhi ya mambo hayo yamo hata nyumbani mwa Ibn Mas'ud mwenyewe. Akamwambia aende akaangalie. Akaenda, asione kitu.

Sisi watu wa pwani yatupasa tuifahamu hadithi hiyo kuliko wengine, kwa sababu mwanya kwetu ni uzuri unaosifiwa. Mtoto akizaliwa na mwanya, ni neema aliyopewa na Mola wake. Kilichokatazwa ni kulichukua jino zima, lisilo na ugonjwa, na kulitia tupa ili litokee lisilokuwapo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliye nguzo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba waliokuwa wakifanya hivyo ni wanawake waliokwisha kuwa watu wazima, ili waonekane bado wasichana. Kisha akatanabahisha kwamba makatazo yameshikana na neno lile, kwa ajili ya uzuri. Ama mwenye kuhitaji kwa tiba, au kwa kasoro iliyo katika jino, basi hapana ubaya.

Tazameni, ndugu zangu, maajabu ya mwanadamu. Zama zile alitia tupa ili apate mwanya. Leo huweka kauri ili auzibe mwanya aliozaliwa nao. Kinachotafutwa kimegeuka, lakini maradhi ni yale yale, nayo ni kutoridhika.

Na upande wa pili wa mizani upo. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kisa cha sahaba aitwaye Arfaja bin As'ad. Alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Na dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa! Lakini hapa haikuwa pambo. Ilikuwa ni kumrudisha mtu miongoni mwa watu, aweze kukaa nao bila ya kuugeuza uso. Tirmidhi akaongeza kwamba wanavyuoni zaidi ya mmoja walifunga meno yao kwa dhahabu kwa kuitegemea hadithi hii.

Basi hukumu imedhihiri. Kuondoa kasoro ili mtu arudi katika hali ya kawaida ya wanadamu wenziwe ni tiba, na tiba ni halali. Kuliharibu umbile lililo zima ili mtu apande juu ya wenziwe, hiyo ndiyo iliyokatazwa.

Yule binti nilimwambia, "Mwanangu, nenda kwa daktari wala usiogope. Wewe hubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Waliondoa maji yale, nawe walirudisha." Na yule kijana nilimwambia, "Baba, Mwenyezi Mungu apenda uzuri, nawe umekwisha kupewa. Usilikate jino zima ukalipe na riba juu yake." Alinyamaza, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Namwombea kheri.

Nasema kauli yangu hii, na ninajiombea msamaha kwa Mwenyezi Mungu, mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, aliyekwisha kuruhusiwa ana wajibu wa kuitumia ruhusa kwa adabu. Mambo manne namwusia.

La kwanza, aanze na jepesi kabla ya zito. Ukoga usafishwe na daktari, fizi zinazotoka damu zitibiwe, jino lililotoboka lizibwe. Aghalabu mtu husafishwa ukoga tu akagundua kwamba tabasamu alilolitafuta lilikuwa chini yake. Madoa mepesi huweza kung'arishwa kwa dawa, au kusuguliwa kijuujuu. Mazito kidogo hufunikwa kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, isiyohitaji kukata sana. Kauri iwe mwisho wa njia, wala isiwe mwanzo wake.

La pili, amwendee mwenye elimu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujitia katika uganga ilhali hajulikani kwa uganga, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Leo wako wabandikao meno katika vyumba vya kusukia nywele, hawana leseni wala hawajui lililo chini ya ufizi. Mwulizeni mtu amesoma wapi kabla ya kumfungulia kinywa. Mwulizeni pia atakata kiasi gani, na akatae nani akipenda: kinywa ni chako, na Siku ya Kiama utaulizwa wewe.

La tatu, asidanganye wala asijidanganye. Mchumba akiuliza, aelezwe ukweli, kwamba meno haya yalipata madoa kwa maji na yametibiwa. Madoa hayo si maradhi ya kurithi, wala hayamhamii mtoto tumboni. Kuyasema si fedheha.

La nne, na hili ndilo lililomsumbua zaidi yule binti, tabasamu libaki kuwa lake. Alihofu kwamba akitoka kwa daktari watu wataona meno tu wasimwone yeye. Hofu yake ni ya haki, na dawa yake iko katika kuiga alivyoumba Mwenyezi Mungu. Meno aliyoyaumba si ya rangi moja. Karibu na ufizi jino huwa limekoza kidogo. Kwenye ncha hupitisha nuru. Na chonge huwa na manjano zaidi ya meno ya mbele. Pande mbili za kinywa hufanana, lakini hazilingani kama zilizopimwa kwa rula. Mafundi wa meno wana kipimo cha rangi kinachotumika sana chenye vijino kumi na sita vya mfano, na hakuna hata kimoja kilicho cheupe kama chokaa. Rangi na ichaguliwe mchana, kwa mwanga wa jua, mwanzoni mwa kazi, kwa sababu jino likikaa kavu kinywani likiwa wazi huonekana jeupe kuliko lilivyo. Na wafunikwe wachache walio na kasoro, kauri ifuate rangi ya jirani zao, wala majirani wazima wasikatwe ili kuifuata kauri.

Na liko jambo ambalo daktari huenda asilikumbuke, nasi tusomao Qur-ani hatuna udhuru wa kulisahau. Herufi ya fa hutoka pale ncha za meno ya mbele ya juu zinapogusa tumbo la mdomo wa chini. Herufi za tha, dhal na dha hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno hayo hayo. Kauri ikizidi unene au urefu, herufi hizo huingia kitembe. Mara nyingi, kabla ya kugandisha zile za kudumu, daktari humvalisha mtu meno ya muda. Basi akiwa nayo, na asome Fatiha, asikilize dhal yake. Na asome Suratul-Falaq, asikilize fa na tha. Kama hazikutoka sawa, amwambie daktari apunguze kabla ya gundi kukauka. Akifanya hivyo atakuwa ameilinda swala yake, na bila ya kukusudia atakuwa amelinda na umbile lake, kwa sababu jino linalotamka sawa ndilo jino lenye urefu wake wa asili. Na kauri iliyokwisha kugandishwa haimlazimu mtu kuibandua kwa udhu wala kwa josho. Atasukutua maji kama kawaida.

Ndugu Waislamu, nimewasemea wenye meno. Sasa nataka kutusemea sisi wenye macho.

Madoa yale yatokana na madini yaitwayo floraidi. Miamba ya volkano katika Bonde la Ufa, kuanzia pande za Nakuru nchini Kenya hadi Arusha na Kilimanjaro, huyatoa madini hayo yakayeyuka katika chemchemi na visima. Kwa kiasi kidogo hulinda meno; yakizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu moja na nusu katika lita moja ya maji, na katika miteremko ya Meru ziko chemchemi zilizokipita kikomo hicho mara nyingi. Mtoto hudhurika wakati meno yake yangali yakiumbwa ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi kiasi cha miaka minane. Jino huchomoza likiwa na doa tayari. Mswaki ungefanya nini? Ndiyo kusema, yule binti alihukumiwa kwa uchafu ambao hakuufanya, kwa maji aliyonyweshwa akiwa mchanga.

Nami nina la kuungama mbele yenu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni alikuja mwenzetu kutoka bara, hafidhi mzuri, mwenye meno ya kahawia. Tulimpa jina la utani, nami nikacheka pamoja na waliocheka. Yule mwenzetu akawa akisoma Qur-ani mkono wake ukiwa mdomoni. Mwalimu akimkemea kwa kutotoa herufi sawasawa, sisi tuliojua sababu tulinyamaza. Binti alipouvuta mtandio mbele yangu ndipo nilipomkumbuka, baada ya miaka arobaini. Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Hujurat, amewakataza wanaume kuwadharau wanaume na wanawake kuwadharau wanawake, akatujulisha kwamba huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Na akakataza kuitana kwa majina mabaya. Ningalikuwa nimeihifadhi aya ile. Sikuwa nimeifahamu.

Basi dawa ya kwanza ya meno ya kahawia iko mikononi mwetu, nayo haina gharama. Usicheke. Usiulize mbele za watu. Na mwanao akiuliza, mfundishe.

Dawa ya pili ni maji. Enyi mnaokaa katika sehemu hizo, fahamuni kwamba kuyachemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki na huzidi kukoza. Vuneni maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo, kwani maji ya mvua hayana madini hayo ila kwa uchache mno. Punguzeni magadi katika makande na maharagwe, kwa kuwa nayo mara nyingi yana floraidi. Chunguzeni habari za machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeyashughulikia kwa miaka mingi. Nanyi mliojaaliwa mali, mnaouliza ni sadaka gani itakayoendelea baada yenu, jengeni tangi la maji ya mvua katika madrasa moja ya huko. Gharama ya kinywa kimoja kilichofunikwa kauri kwa fahari yaweza kuwasitiri watoto wengi wasihitaji kauri kamwe.

Ndugu zangu, Mtume wetu (S.A.W.) aliupenda usafi wa kinywa hata akaeleza kwamba lau si kuhofia kuutia umma wake katika mashaka, angeliwaamuru kupiga mswaki kwa kila swala. Katika saa zake za mwisho, akiwa ameegemea kifua cha Bibi Aisha, aliutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa ndugu yake Bibi Aisha. Bibi Aisha akautafuna kuulainisha, akampa, naye akaupiga kwa uzuri. Na sahaba Jarir bin Abdullah amesimulia kwamba tangu aliposilimu, Mtume hakumwona ila alitabasamu usoni mwake. Ametufundisha kwamba tabasamu unalompa nduguyo ni sadaka. Sadaka, ndugu zangu, hutolewa kwa ajili ya yule anayepewa. Mwenye kutengeneza meno ili watu wamtazame ameigeuza sadaka kuwa biashara. Mwenye kuyatengeneza ili aweze tena kuwatazama watu, huyo amerudi katika kutoa.

Yule binti alirudi na mama yake baada ya miezi michache. Daktari alikuwa ameyang'arisha meno mengi kwa dawa, akayafunika manne tu. Sikuweza kusema ni yapi, nami sikumwuliza. Nilichokiona ni kwamba aliniamkia, na mtandio ukabaki mabegani.

Ewe Mola wetu, tupambe kwa taqwa kabla ya kupamba nyuso zetu. Tujaalie kuridhika na ulichotugawia, na utufungulie milango ya tiba katika yale uliyotujaribu. Wanyweshe watoto wetu maji yaliyo safi. Tusamehe vicheko tulivyocheka tukawaumiza waja wako, na uwape waliodharauliwa kheri kuliko waliyoikosa. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu, walio hai na waliotangulia, na utufishe hali ya kuwa umeturidhia. Amin.

Waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni. Inukeni tuswali.